Mkataba wa Mgeni, Pensheni ya Mwenyeji: Historia ya Swali Nililoulizwa Makole

Mwezi Agosti uliopita, katika zile siku ambazo upepo wa Dodoma huokota vumbi la barabarani na kuligawa kwa kila mtu bila upendeleo, nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani kando ya Barabara ya Makole. Nilimfundisha Stadi za Maendeleo alipokuwa mwaka wa kwanza. Sasa ni mhandisi wa maji. Baada ya shikamoo na marahaba, alinieleza kilichomleta mjini. Alikuwa na barua mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa ya ajira ya kudumu katika taasisi ya umma wilayani, yenye mshahara wa kuanzia unaojulikana na kila mtumishi. Ya pili ilikuwa ya mkataba wa miaka miwili katika mradi wa wafadhili, na mshahara wake ulikaribia mara tatu ya ule wa kwanza.

“Mwalimu,” akasema, “baba anasema serikalini ndiko kwenye uhakika. Rafiki zangu wanasema uhakika haulipi kodi ya nyumba. Wewe unasemaje?”

Tulikuwa tumesimama si mbali na jengo la makao makuu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Wazee wawili wenye bahasha za kaki walikuwa wakitoka getini, mmoja amemshika mwenzake mkono. Nilimpa binti yule jibu la haraka ambalo halikuniridhisha hata mimi. Makala hii ni jibu ninalodaiwa. Naliandika pia kwa ajili ya ninyi mnaokaa upande wa pili wa meza: maofisa utumishi na wakurugenzi ambao kila mwaka wa fedha huamua nani aajiriwe moja kwa moja na nani apewe mkataba.

Hoja yangu ni moja. Katika nchi yetu, mkataba wa muda kwa wataalamu ulianza kama mpango wa kumlipa mgeni kwa kukosa uhakika. Hatua kwa hatua umegeuka kuwa mpango wa kumnyima mwenyeji uhakika bila kumlipa chochote kwa kuukosa.

Kipande, manamba na afisa

Kwa babu zetu, neno mkataba halikunuka wino wa ofisi. Lilinuka mkonge. Waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kukusanya nguvukazi hiyo, kikijulikana kama SILABU. Aliyekaa karibu na shamba alifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Ikijaa, analipwa. Isipojaa, anasubiri.

Juu kabisa ya ngazi hiyo alikaa afisa wa kikoloni. Yeye aliajiriwa kwa masharti ya kudumu, akawa na likizo ya kwenda kwao kwa gharama ya serikali, na pensheni ilimngoja uzeeni. Hivyo muda wa ajira ulikuwa kipimo cha heshima: mmoja alihesabiwa kwa siku 30, mwingine kwa maisha.

Hapa kwetu katika uwanda wa kati, ncha hizo mbili zilikutana Kongwa mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa karanga. Lengo la awali lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mafundi na mameneja waliletwa kutoka ng’ambo, wengi wao wakiwa wametoka jeshini muda mfupi kabla. Januari 1951 mpango ulitangazwa kufutwa, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi: haraka, ukame, udongo unaogeuka jiwe mvua ikikatika, mashine zisizofaa. Lakini mwanafunzi wa historia ya ajira haachi kuona jambo moja. Mgogo aliyejua tabia ya mvua ya Kongwa aliajiriwa kama kibarua, na asiyeijua aliajiriwa kama mtaalamu. Mpango ulipofungwa, wataalamu waliondoka na walichojifunza, na hasara ikabaki kwenye udongo.

Uhuru na bei ya kukosa uhakika

Baada ya vita, mishahara ya watumishi wa Afrika Mashariki ilipangwa kwa rangi bila kificho. Tume ya Holmes ya 1947–48 ilikubali Mwafrika alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Tume ya Lidbury, iliyotoa taarifa yake mwaka 1954, ilifuta kanuni hiyo na kupendekeza ngazi moja ya mishahara kwa wote. Ila iliacha mlango wa nyuma: wataalamu kutoka ng’ambo wangelipwa nyongeza ya kuwavutia waje na wabaki.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, takriban robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini zilishikwa na wananchi. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Nchi ilikuwa na kazi ya miaka 100 na watu wa kuifanya kwa wiki moja. Maofisa wa kikoloni waliokuwa na ajira za kudumu waliruhusiwa kuondoka kwa fidia, na wengi wakaondoka. Pengo likazibwa kwa wageni wa mikataba.

Mikataba hiyo haikuwa ya kinyonge. Chini ya mpango ulioanza mwaka 1961, Serikali ya Uingereza ililipa nyongeza ya mshahara kwa raia wake waliotumikia nchi zilizokuwa zikipata uhuru, na ikachangia nauli zao. Mwisho wa mkataba kulikuwa na kiinua mgongo. Mantiki yake ilikuwa wazi: huyu hatapanda vyeo hadi kustaafu, hatapata pensheni, na miaka miwili mitatu ijayo atalazimika kutafuta kazi upya. Basi alipwe zaidi leo kwa sababu kesho hana. Mwenyeji aliyechukua nafasi ya kudumu alilipwa kidogo zaidi, lakini alipewa kile ambacho mgeni hakuwa nacho, yaani muda. Kila upande ulipata kitu na kuacha kitu.

Pensheni nayo ilituonyesha makali yake. Serikali huru ilijikuta ikiwalipa uzeeni maofisa waliokuwa wametumikia utawala wa kikoloni. Mwaka 1968 Tanzania ilikataa kuendelea kubeba mzigo wa pensheni za utumishi wa kabla ya uhuru, na Uingereza ikajibu kwa kusitisha misaada. Naukumbusha mgogoro huu kwa sababu unatufundisha ajira ya kudumu ni nini hasa. Ni ahadi ambayo anayeitoa leo hatakuwepo siku ya kuilipa. Mkurugenzi anayeogopa kutoa ahadi hiyo haongozwi na roho mbaya peke yake; anaona hesabu ambayo mwombaji kazi haioni.

Kulikuwa pia na njia ya tatu. Kanuni nane za misaada alizozitangaza Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, mwaka 1964 zilisema wataalamu wa Kichina wataishi kwa kiwango sawa na wenzao wa nchi wanayoisaidia. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, ilijengwa chini ya fikra hiyo. Waliokuwa vijana Mlimba na Makambako wanakumbuka mahema ya wahandisi yaliyofanana na ya vibarua. Njia hii nayo haikuwa bure: mtaalamu aliwajibika kwa serikali yake, wala hakuwa na mkataba wa kujadili na mtu.

Deni la msomi

Kwa vijana wake wenyewe, taifa lilichagua masharti mengine. Kuanzia mwaka 1964 mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha za serikali alitakiwa kuitumikia nchi kwa miaka mitano, mahali atakapopangiwa. Ulikuwa mkataba, lakini ulielekea upande wa pili: badala ya mwajiri kuogopa kufungwa, aliyefungwa ni mwajiriwa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara katika miezi yao ya mwanzo kazini. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hili husimuliwa kama kisa cha wasomi wabinafsi na rais mwenye uchungu na nchi yake. Mimi hulisoma pia kama mvutano wa kwanza mkubwa wa masharti ya ajira ya wataalamu katika taifa huru. Swali lilikuwa: nani amdai nani? Jibu la wakati ule, tulipende tusilipende, lilikuwa na pande mbili. Msomi alidaiwa miaka yake, na taifa lilidaiwa kazi ya kumpa. Hakuna aliyehitimu akakaa nyumbani.

Mji uliopangwa na wageni ukatunzwa na wenyeji

Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikiongozwa na George Kahama. Mamlaka ilihitaji wapangaji miji, wasanifu na wahandisi ambao nchi haikuwa nao wa kutosha. Kazi ya mpango kabambe ikapewa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada, na mpango ukatoka mwaka 1976.

Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa sehemu. Kuandika mpango kabambe ni kazi yenye mwisho. Inaanza, inakamilika, inakabidhiwa. Kumwajiri milele mtu wa kuandika kitabu kimoja ni ubadhirifu. Lakini kuutekeleza mpango hakuna mwisho. Kila kiwanja kinachopimwa Makole, Chang’ombe au Nkuhungu, kila mkondo wa maji ya mvua unaozibwa na ukuta wa mtu, ni uamuzi mpya unaomhitaji mtu anayekumbuka kwa nini mstari ulichorwa pale. Kumbukumbu hiyo haikuondoka na ndege kwenda Toronto. Ilibaki kwa mafundi sanifu, wapima na wapangaji wa CDA, baadhi yao wakiwa wamesoma Ardhi, chuo cha Dar es Salaam ambacho tangu 2007 ni Chuo Kikuu. Wakazi walikuwa na malalamiko mengi dhidi ya Mamlaka, hasa kuhusu viwanja na hati za miaka 33, na Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja, shughuli zake zikahamishiwa Manispaa. Hata hivyo, ofisi ilivunjwa, lakini haikulazimu kuanza upya kana kwamba mji haukuwahi kupangwa.

Hapo ndipo ninapopata kanuni ya kwanza ambayo historia ya mji huu inatufundisha. Kabla ya kuuliza tumwajiri nani, tuulize kazi yenyewe inakwisha lini. Kama ina mwisho, mkataba ni halali na ni busara. Kama haina mwisho, mkataba wa muda ni njia ya kujidanganya kwamba hitaji letu ni la muda.

Ahadi ilipovunjika

Miaka ya 1990 ndiyo iliyogeuza mezani kila kitu. Chini ya mageuzi ya utumishi serikalini, zaidi ya watumishi 50,000 walipunguzwa kazini na ajira mpya zikasitishwa kwa miaka. Ghafla ya kudumu haikudumu. Wanaotetea ajira ya kudumu kama kitu kitakatifu wakumbuke kwamba iliporomoka pia kwa makosa yake: ofisi zilijaa watu wasio na kazi ya kufanya, mshahara haukutosha hata nauli ya mwezi, na uzembe ulilindwa kwa jina la uhakika. Ndipo zikaja sheria mpya, Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na pamoja nazo lugha ya utendaji unaopimwa.

Mwaka 2004 ikapitishwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kifungu cha 14, kama kilivyopitishwa wakati huo, kiliweka aina tatu za mikataba: wa muda usiojulikana, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Na ule wa muda maalumu kilisema ni kwa wataalamu na kada ya uongozi. Wengi husoma mstari huo haraka. Bunge halikumruhusu mwajiri kumpa mfagizi mkataba wa miezi kadhaa, lilimruhusu kumpa mhandisi. Nionavyo mimi, nyuma ya kifungu hicho kuna dhana kwamba mtaalamu ana nguvu ya kujadiliana: ana ujuzi adimu, anaweza kudai bei ya kukosa uhakika. Ni kivuli cha yule mgeni wa 1961.

Sheria haikumwacha mtupu. Kifungu cha 36 kinahesabu kutoongezwa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, iwapo mwajiriwa alikuwa na sababu za msingi za kutarajia uongezwe. Kanuni za mwaka 2017 zikataka mkataba wa muda maalumu usipungue miezi 12. Lakini dhana yenyewe imezeeka. Mwaka 1961 wahandisi walikuwa 2. Leo vyuo vyetu vinahitimisha wahandisi, matabibu na wahasibu kwa maelfu, na mtaalamu wa miaka 25 hajadiliani na mtu. Anasaini. Tumehifadhi muda mfupi wa mkataba wa mgeni, tumeondoa unono wake.

Angalia hesabu ya uzeeni. Ili upate pensheni ya kila mwezi kutoka PSSSF unapaswa kuwa umechangia miezi 180. Mwenye ajira ya kudumu huifikisha katika miaka 15, tena bila kuiwaza. Mwenye mikataba ya miaka miwili anahitaji mikataba saba na nusu isiyo na pengo katikati, tena yenye mwajiri anayewasilisha michango. Kwa wengi pengo ndilo kanuni.

Wala haya si ya Tanzania peke yake. Wakenya waliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mikataba ya miaka mitatu mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na miaka mitano baadaye wahudumu hao walikuwa bado barabarani Nairobi wakidai ajira za kudumu. Ugonjwa ulikuwa wa muda. Wagonjwa hawakuwa wa muda. Na sisi tukumbuke mwaka 2017, Kenya ilipoomba madaktari 500 wa Kitanzania baada ya mgomo wa madaktari wake. Mpango ulipokwama mahakamani kwao, Serikali yetu iliamua kuwaajiri hapa nyumbani wale 258 waliokuwa wamekidhi vigezo. Kwa hiyo madaktari walikuwepo, na hospitali za kuwapokea zilikuwepo. Kilichokosekana hadi wakati huo kilikuwa uamuzi.

Jibu ninalodaiwa

Mimi mwenyewe niliwahi kufundisha kwa mkataba wa miaka miwili, katika taasisi ambayo sina sababu ya kuitaja. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi kwa moyo. Katika miezi sita ya mwisho nilikuwa darasani kwa mwili tu. Akili ilikuwa kwenye barua za maombi. Sikuanzisha utafiti wowote mpya, maana ungemalizwa na nani? Mwajiri alidhani ameokoa pesa. Alinunua miaka miwili akapata mwaka mmoja na nusu.

Kwa hiyo kwa mwanafunzi wangu ninasema hivi. Usichague kati ya neno kudumu na neno mkataba. Chagua baada ya kuhesabu. Toa katika mshahara huo wa mara tatu gharama ya bima, michango ya mfuko, na miezi ambayo huenda ukakaa bila kazi. Kilichobaki ndicho unacholipwa. Kikiwa bado ni kikubwa, unalipwa bei ya kukosa uhakika kama alivyolipwa mgeni wa 1961, na hakuna aibu kuichukua.

Kwa maofisa utumishi ninasema: mkataba wa muda utumike kazi inapokuwa na mwisho, na anayeupokea alipwe zaidi ya mwenzake wa kudumu, asilipwe pungufu. Mkataba unaoongezwa mara ya tatu kwa kazi ileile umekwisha kukiri wenyewe kwamba kazi ni ya kudumu. Na ajira ya kudumu nayo ipimwe kwa haki, ili isigeuke kitanda.

Binti yule alinipigia simu wiki mbili baadaye. Alikuwa amechukua mkataba. Ana wadogo zake wawili sekondari, na ada na nauli hazisubiri miezi 180. Kabla ya kusaini aliwauliza waajiri wake swali moja: baada ya miaka miwili, mitambo ya visima itasimamiwa na nani, na michoro itabaki kwa nani? Waliangaliana, akaniambia, kisha wakamwonyesha mahali pa kuweka sahihi.

Simlaumu kwa kusaini. Vijiji vitakavyokunywa maji ya visima hivyo vitaendelea kuwa na kiu baada ya miaka miwili, na swali lake bado linamsubiri mtu wa kulijibu.